Volti Sita na Nthi ya Hapa

Mwezi uliopita tulimzika Sista Gatwiri, na aliyesoma wasifu wake alisema jambo ambalo si kweli. Alisema gari la marehemu liliwahi kukataa kuwaka mwaka mzima, watu wakaliombea, likapona. Waombolezaji wakaitikia amina. Mimi nilikuwa hemani, mstari wa tatu, na miwani yangu na goti langu bovu, nikajikuta nimesema "La!" kwa sauti ambayo mama wa kando yangu aliisikia akanigeukia. Sina ubishi na maombi. Mwaka ule niliomba sana, tena kwa magoti yote mawili yakiwa bado mazima. Lakini gari lile lilipona kwa brashi ya waya, msasa, na kipande cha waya mnene wa mashine ya kuchomelea vyuma, na mikono iliyoifanya kazi hiyo ndiyo hii inayoandika. Tena nikiamua kusema ukweli niuseme wote: kabla mikono haijalitengeneza gari, mdomo wangu ulikuwa karibu kumhamisha Sista kutoka nyumbani kwake. Hilo halikusomwa, kwa sababu aliyelijua vizuri alikuwa ndani ya jeneza.

Sitasimulia nilivyozaliwa wala ukoo wangu. Kila mtu amezaliwa na kila mtu ana ukoo. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtu wa Kiritiri, huko Mbeere, na kwamba nilikuwa fundi wa waya, yaani fundi wa umeme wa magari. Wakati huo msichana akishika spana watu walisimama kutazama kama wanaoangalia sarakasi. Mwajiri wangu, Fundi Nyaga wa Embu mjini, alikuwa amefungua karakana ya pili Nkubu, upande wa Meru, akanituma huko nikae mwaka mmoja. Nilikuwa nimezoea jua la Mbeere. Wiki ya kwanza Nkubu nililala na soksi, sweta na kitambaa cha kichwa, na bado meno yalikuwa yakigongana. Nilitafutiwa chumba kwa mjane mmoja huko juu, karibu na mashamba ya chai, na mjane huyo ndiye Sista. Hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi mstaafu, na kwetu muuguzi ataitwa Sista hata akiwa na wajukuu.

Nyumba ilikuwa ya mbao, na ukuta kati ya chumba changu na chumba cha pili ulikuwa na nyufa ambazo mwanga na maneno vilipita bila kubisha hodi. Chumba hicho cha pili ndicho kilichokuwa moyo wa nyumba. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, beseni la bati, kabati lenye pamba na mikasi, na kalenda ya kanisa ambayo Sista aliizungushia siku za kina mama kwa kalamu nyekundu. Wanawake wa mtaa ule wa mlimani walijifungulia pale. Aliyeonekana kuwa na shida Sista hakujaribu kumzalisha. Alimtia garini akamshusha mpaka hospitali ya misheni, karibu saa nzima ya barabara ya matope. Jikoni kulikuwa nje, na jioni tulikaa humo kwenye moshi tukila viazi vikuu vilivyochomwa, au ndizi zilizopondwa na maharagwe, Sista akinipa sufuria nikwangue chini kwa sababu alisema watu wa Mbeere wamekonda mpaka wanasikitisha. Mimi nilimwambia watu wa Meru wanakula kama kesho imefutwa. Alicheka mpaka akakohoa. Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kiingereza, la rangi ya maziwa, lenye mgongo wa mviringo, na marehemu mume wake alilinunua likiwa tayari limezeeka. Umeme wake ulikuwa wa volti sita. Magari karibu yote niliyokuwa nimeyashika yalikuwa ya volti kumi na mbili, kwa hiyo nilipofungua boneti nikaona betri yenye vifuniko vitatu badala ya sita, niliifunga polepole kama aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Mume wake alipokuwa hai gari liliwaka vizuri. Miezi michache baada ya kumzika likaanza kukataa asubuhi. Ukigeuza ufunguo, starta ilizungusha injini mara mbili, kwa unyonge, kisha kimya. Mchana jua likitoka, liliwaka. Na Desemba, Sista alipolipeleka Gachoka kwa dada yake aliyeolewa huko Mbeere, liliwaka kila asubuhi bila hata kuombwa. Liliporudi Meru, likagoma tena. Mafundi watatu waliuza betri mpya tatu. Wa nne alitaka kuweka betri ya volti kumi na mbili kwa nguvu, jambo ambalo lingeunguza taa zote. Majirani walisema gari linamlilia mwenyewe aliyezikwa.

Nilijua jambo moja tu juu ya msiba wa gari hilo, na Sista mwenyewe ndiye aliyeniambia, tukichagua maharagwe. Kabla sijafika, asubuhi moja ya baridi, mwanamke kijana aitwaye Kagendo alishikwa na uchungu na mtoto alikuwa amelala kando tumboni. Gari lilikataa. Wanaume walilisukuma, magurudumu yakateleza matopeni, likakataa. Walimbeba Kagendo kwenye kitanda mpaka barabara kubwa. Yeye alipona, mtoto hakupona. Sista alisimulia bila kuniangalia, akitupa maharagwe mabovu kwenye majivu. "Mimi nilikuwa nimeketi kwa usukani nikizungusha ufunguo," alisema. "Nikizungusha tu." Niliendelea kuchagua. Tangu hapo kila nilipolisikia gari likikohoa asubuhi nilijifunika blanketi kichwani.

Kulikuwa na mtu mwingine katika habari hii, Mzee M'Inoti, ndugu wa marehemu mume wa Sista, aliyeishi ng'ambo ya bonde, upande wa pili tu, mahali ambapo mtu akipasua kuni unamsikia. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyapima. Kila alipopita kunywa chai alimwambia Sista kwamba hapa si mahali pa mama kukaa peke yake, kwamba baridi itammaliza. "Gatwiri," alisema, "hii nthi si nzuri kwako." Nthi, kwa Kimeru na hata kwetu Mbeere, ni ardhi, udongo tunaoukanyaga. Sista alimmiminia chai. Lakini nilimwona akiangalia sakafu baadaye, na sikujua ni kwa nini, kwa sababu kijana hajui kinachoumiza mzee mpaka azeeke.

Sasa nieleze kosa langu. Umeme ukitoka betri kwenda starta lazima urudi, na unarudi kwa kupitia mwili wa gari, kwa waya unaofungwa kwenye chuma cha chini. Vitabuni ni waya wa ardhi. Fundi Nyaga, ambaye Kizungu alikiokota njiani, aliuita nthi, na karakana yote ya Embu tukamfuata. Angalia nthi. Nthi imelegea. Kaza nthi kabla ya kulaumu betri. Kwa miaka miwili, nikiwa na spana mkononi, neno hilo lilikuwa na maana moja tu kichwani mwangu. Basi mwezi wa saba, ukungu ukiwa mpaka mlangoni, Sista alikubali hatimaye nilipime gari, kwa masharti kwamba nisiuze betri. Nilichukua balbu ndogo yenye nyaya mbili. Upande mmoja niliugusisha kwenye kichwa cha betri kinachofungwa kwenye mwili wa gari, upande wa pili kwenye chuma cha injini. Hapo balbu haitakiwi kuwaka, maana ni njia moja ile ile. Nikamwomba bawabu wa kanisa, aliyekuwa akipita, azungushe ufunguo. Balbu ikawaka. Nikaruka kwa furaha, kwa kuwa umeme ulikuwa ukipotelea humo, kabla haujafika kazini.

Sista alikuwa ndani akimpima mama mmoja. Nilikwenda dirishani na mikono yangu ya grisi, nikasema kwa haraka, maana nilikuwa nakimbilia gari la kwenda Embu kutafuta vifaa. "Sista, nimepata shida. Si betri. Ni nthi. Nthi ya hapa ni mbaya."

Aliinua kichwa. "Nthi?"

"Eeh. Ni mbaya sana. Ndiyo maana inakataa."

"Una hakika, Wawira? Kabisa?"

"Kabisa, Sista. Nimepima na taa."

Alisema, "Haya, asante mtoto wangu. Safari njema." Nikaondoka mbio, nimejaa majivuno. Nilikuwa nimeonyesha kwa kidole chini ya gari niliposema "hapa", lakini yeye alikuwa ndani na kidole changu hakukiona.

Nilidhani nitakaa Embu siku nne, nikakaa wiki tatu, kwa sababu Fundi Nyaga alinishika nimsaidie lori lililokuwa limeungua nyaya zote. Jioni alinielezea volti sita, akichora kwa mchanga. "Nyinyi mnajua mitaro ya maji ya shamba," alisema. "Kama mteremko ni mdogo, utafanya nini ndio maji yafike? Utapanua mtaro. Volti sita ni mteremko mdogo. Hiyo gari inataka waya nono, na kila mahali chuma inagusana na chuma kuwe kusafi kabisa. Usiongeze nguvu. Toa kizuizi." Kumbe mmoja wa wale mafundi watatu alikuwa pia amebadilisha nyaya nene za zamani akaweka nyembamba za gari la kisasa, akidhani waya ni waya. Waya mnene nilioutaka haukuwa Embu. Niliupata Ishiara kwa mchomelea vyuma mmoja aliyenikatia kipande cha waya wa mashine yake baada ya kunihoji kama mimi ndiye fundi au nimetumwa na fundi. Niliubeba begani kama nyoka, nikapitia Kiritiri kuchukua gunia dogo la pojo na chupa ya asali, zawadi kwa Sista.

Nilifika Alhamisi alasiri. Kitu cha kwanza nilichoona ni vitanda viwili vya chuma vimefunguliwa, vimesimamishwa ukutani barazani, na kabati la pamba limefungwa kamba. Kuku walikuwa kwenye tenga. Nilidhani kumetokea kifo. Niliingia chumbani mwangu kuweka mzigo, na kupitia zile nyufa nikasikia mtu analia chumba cha pili. Alikuwa Kagendo. Alikuwa na mimba nyingine, ya miezi tisa kasoro siku, na kalenda ilikuwa imezungushiwa siku yake kwa kalamu nyekundu.

"Si ungoje tu nijifungue, Sista," alisema. "Wiki moja. Mimi nitaenda kwa nani?"

"Kagendo, nikingoja wewe nitangoja na mwingine. Na siku ikifika gari ikatae tena, nitafanya aje? Nimechoka kuua watoto wa watu."

"Wewe hukuua mtu!"

"Hapa pamenikataa," Sista alisema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto aliyefukuzwa shuleni. "M'Inoti alikuwa akiniambia, nikadhani ni maneno ya wazee. Mimi ni mtu wa kanisa, siamini hayo. Lakini huyu msichana wa Kiritiri ni mgeni, hajui habari zetu, hana shida na mimi. Amepima na taa yake akaniambia nthi ya hapa ni mbaya. Nilimwuliza mara mbili. Akasema kabisa."

Nimewahi kupigwa na umeme mara nyingi katika kazi yangu, lakini hakuna ulionitingisha kama ule wa maneno. Nilikaa juu ya gunia la pojo. Halafu nikainuka, nikaingia chumba kile bila hodi, na mambo yote yakanitoka kwa pamoja, Kiswahili, Kimbeere na Kimeru changu kibovu. Niliwaambia nthi ni waya. Ni waya, Sista! Ni waya wa kurudisha moto wa betri! Wote wawili waliniangalia kama wanaoangalia mtu aliyekunywa. Ilibidi niwatoe nje, nilale chali matopeni chini ya gari na nguo zangu za safari, niushike ule waya kwa mkono na kuutikisa. "Hii hapa," nikasema. "Hii ndiyo nthi. Ndiyo mbaya. Si shamba. Shamba liko sawa."

Sista aliinama, akatazama, akashika kiuno. "Basi mbona Gachoka inashika?"

"Kwa sababu Gachoka ni joto. Mafuta ya injini yanakuwa laini, injini inazunguka na nguvu kidogo tu. Hapa asubuhi mafuta ni mazito, starta inataka moto wote wa betri, na moto unakwama hapa kwa rangi."

"Rangi gani?"

Hapo ndipo nilipolitazama vizuri lile eneo, na kweli, chini yote ya gari ilikuwa ya kijani. Sista akakumbuka: Mzee M'Inoti, mwaka mmoja nyuma, akiwa na uchungu wa kufiwa na ndugu yake na hajui aufanyie nini, alikuwa amechukua rangi iliyobaki ya lango lake akapaka chini ya gari lote lisishike kutu. Seremala hafanyi kazi nusu. Alifungua kila boliti iliyokubali kufunguka, akapaka mikono mitatu, akairudisha juu ya rangi. Waya wa ardhi ulikuwa umelala juu ya rangi nzuri nene, ukigusa chuma kwenye nyuzi chache za boliti na basi.

Hata hivyo alisema, "Wawira, wewe ni mtoto mzuri. Unanituliza tu." Pikapu ya kumhamisha ilikuwa imekwisha kuagizwa ije Jumamosi saa mbili asubuhi, na dada yake alikuwa amekwisha kumwekea chumba. Alisema nitengeneze nikitaka, litamsaidia Gachoka. Usiku ule sikula pojo niliyoileta.

Ijumaa asubuhi nilikuwa chini ya gari na brashi ya waya nilipoona viatu viwili vikubwa vimesimama karibu na kichwa changu. "Nani anakwaruza rangi yangu?" Mzee M'Inoti aliuliza. Nilitoka. Nilikuwa na hasira, lakini nilizaliwa na watu wanaoheshimu wazee, kwa hiyo nilimsalimu kwanza. Kisha nilimwomba aniwie radhi, ainame, na anipe mkono wake. Upande wa injini nilikuwa bado sijaugusa. Hapo pia kulikuwa na waya mwingine wa ardhi juu ya rangi. Nilimwambia Sista azungushe ufunguo na asiache mpaka nimwambie. Halafu nikauweka mkono wa mzee kwenye boliti ile. Aliuondoa haraka.

"Inachoma," alisema.

"Hapo ndipo moto wa betri unaishia, Mzee. Unapika rangi. Kwa starta unafika kidogo tu."

Aliitazama boliti, akaitazama ile rangi ya kijani, akaketi kwenye jiwe. "Tangu lini?" aliuliza. Sikutaka kujibu. Nilimwambia tangu rangi. Aliinamisha kichwa na nikaona midomo yake ikihesabu miezi. Najua alipofika kwa mtoto wa Kagendo, kwa sababu aliacha kuhesabu akajishika uso kwa mkono ule ule aliouunguza. Nilijuta kumjibu. Nilisema hakuna mtu angejua, kwamba mafundi watatu walipita hapo na macho yao. Hakunisikiliza. Alinyoosha mkono, akachukua brashi yangu, akalala chini kwenye matope na koti lake la kanisani, akaanza kukwaruza. Tulifanya kazi mpaka alasiri bila kusemezana isipokuwa nipe, shika, hapo. Chuma kikang'aa kama kisu kipya. Nikafunga waya mnene wa Ishiara pande zote mbili, nikabadilisha na ule wa starta, nikamwaga mafuta mazito ya injini nikaweka mepesi zaidi. Tulipojaribu, gari liliwaka mara moja, na Mzee M'Inoti akanitazama kwa uso wa kuuliza.

"Mchana si kitu, Mzee," nilimwambia. "Hata kabla ilikuwa inashika mchana. Asubuhi na baridi ndiyo itasema."

Aliitikia kwa kichwa, akaniachia brashi, akashuka bondeni kwenda kwake. Sista alikuwa jikoni akifunga vikombe kwa magazeti.

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri mlango ulipigwa. Alikuwa mume wa Kagendo, kijana aitwaye Mutwiri, na nyuma yake Kagendo mwenyewe ameshikwa na mama mkwe wake, amejikunja. Sista alimlaza kwenye godoro sakafuni, kwa kuwa vitanda vilikuwa barazani, akampima tumbo kwa viganja vyake, mara moja, mara mbili. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa majivu. "Huyu tena amelala kando," alisema. "Lazima ashuke hospitali." Hakuna aliyetaja gari. Nje ukungu ulikuwa mzito na umande ulikuwa umeganda juu ya boneti, asubuhi ya baridi kupita zote nilizoziona mwaka ule. Tulimweka Kagendo kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mama mkwe. Mutwiri alisimama nyuma ya gari, mikono kwenye mgongo wake wa mviringo, tayari kusukuma. Mimi nilisimama mbele na chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Sista aliketi kwenye usukani. Haya ndiyo niliyoomba, na sitayapamba: Mungu, hata kama mimi ni mpumbavu, nthi iwe ni waya.

Aligeuza. Starta ilizungusha injini kwa nguvu, bila kusita, na injini ikashika. Ilishika mara ya kwanza, ikanguruma, moshi mweupe ukatoka, na Mutwiri alipiga yowe kama mtu aliyeibiwa. Sista hakupiga yowe. Aliangalia mbele, akaingiza gia, akaniambia kupitia dirisha, "Panda, unangoja nini?" Mutwiri alikuwa amejibana nyuma, miguuni pa mkewe. Niliketi kando yake na chuma kile mapajani nikimsikiliza Kagendo akilia kila tulipoingia shimoni, na ndani ya kilio chake nikisikia injini ikiendelea na kazi.

Hospitalini walimchukua moja kwa moja chumba cha upasuaji. Tulikaa kwenye benchi la mbao, mimi, Sista, mama mkwe wa Kagendo, na Mutwiri ambaye hakuweza kukaa. Saa mbili ikapita, nikakumbuka pikapu, sikuitaja. Baadaye kidogo muuguzi kijana alitoka akashusha kitambaa kilichofunika mdomo. "Mama mzima," alisema. "Mtoto mzima. Msichana, na analia kama ametumwa." Mutwiri alikwenda akakumbatia nguzo. Mimi nililia bila aibu. Sista alisema "Asante Yesu" mara moja, akavua viatu, akaegemeza kichwa ukutani, na kabla sijamaliza kufuta uso alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, akikoroma mbele ya wagonjwa wote. Kwa miezi yote niliyokaa naye, kupitia nyufa zile, sikuwahi kumsikia akilala hivyo. Nilimfunika na sweta yangu nikakaa wima kumlinda, kana kwamba kuna mtu angemwiba.

Aliyemwamsha ni Mzee M'Inoti. Alikuja kwenye ukumbi kwa viatu vyake vikubwa, akiwa na chupa ya uji wa wimbi kwapani na kitambaa kimefungwa kwenye vidole vilivyoungua. Nilimnong'oneza habari za mtoto. Alifumba macho akayafumbua. Sista aliamka, akamwona shemeji yake, akatafuta viatu vyake kwa miguu.

"Pikapu ilikuja?" aliuliza.

"Iko hapo nje. Ndiyo imenileta."

"Na vitu vyangu?"

"Nimewaambia washushe. Vitanda nimeviunga tena mwenyewe, viko ndani, pale pake."

Sista alikaa sawa. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa usingizi lakini sauti ilikuwa imerudi, ile ya kuamrisha kina mama. "M'Inoti, nani amekuambia ushushe vitu vyangu?"

Mzee alivua kofia. "Mimi nilikuwa nje kwangu tangu saa kumi," alisema. "Nilikuwa nimesimama tu kwa baridi, nikisikiliza huko kwako. Nimeisikia, Gatwiri. Imeshika mara moja."

Sista akanyoosha mkono apewe uji.